Masomo ya bouzouki Athens: mwalimu amenizimia nyuzi

Nimelipa miezi miwili mbele, na somo la nne sikulimaliza. Hasira bado ninayo.

Mimi nimekulia Unguja, udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu, naujua tangu mdogo. Nilipokuja Athens kutafuta maisha nikasikia bouzouki, ala ya nyuzi ya Wagiriki, kwenye taverna moja, nikasimama mlangoni: si Hijazi hii, ile ngazi ya sauti ya Kiarabu? Ndiyo yenyewe, wao wanaiita Hitzaz. Noti re, mi bemoli (mi iliyoshushwa nusu sauti), kisha ule mruko mpana hadi fa diezi (fa iliyopandishwa nusu sauti), unaomshika mtu kooni. Wana Rast, wana Sabah, wana Niavent, jina lililotoka kwenye Nahawandi yetu. Wanaziita dromoi, yaani njia. Nikasema hapa nimefika nyumbani.

Mwalimu ana vidole vya ajabu, haki yake simnyimi. Siku hiyo akaniambia nipige taximi, yaani utangulizi wa kubuni papo hapo bila mapigo, katika Ousak, mojawapo ya dromoi zao. Nikaanza chini, taratibu, kama wazee wa taarabu walivyotufunza. Nilipofika mi bemoli nikausukuma uzi kando, sauti ikapanda kidogo, ikatua pale katikati inapokaa noti ya Bayati, ngazi ya Kiarabu inayofanana na Ousak. Akanyoosha mkono, akabandika kiganja juu ya nyuzi zangu. Kimya. "Hii si ala ya Waarabu," akasema, wanafunzi wenzangu wote wanatazama.

Kwamba bouzouki ina vyuma shingoni na robo sauti kama ile ya Bayati haikai kama kwenye udi, najua. Angenieleza hivyo ningemwelewa. Lakini neno taximi lenyewe wamelitoa wapi, kama si taksimu ya Waarabu na Waturuki? Wakimbizi wa Kigiriki waliotoka Izmir, Uturuki, mwaka 1922 walibeba nini vifuani mwao? Serikali ya Metaxas, dikteta wa Ugiriki wa miaka ya 1930, ilishajaribu kuifuta ladha hiyo ya mashariki kwa udhibiti wa nyimbo, na leo mwalimu wa muziki anaifuta kwa kiganja!

Nilikusudia kumpa nyota moja, basi. Juzi usiku nikaichukua bouzouki ya kuazima, nikaityuni re-la-re, nikajaribu zeibekiko, ngoma yao ya mapigo tisa, mkono wa kulia ukining'inia mwepesi kama alivyonionyesha. Ikatoka. Ikatoka hasa, hadi jirani akafungua dirisha kusikiliza. Mkono ule kanipa yeye, katika masomo matatu tu.

Nyota tatu. Hapana, mbili, mpaka aniombe radhi mbele ya walewale. Pesa asinirudishie. Ninachotaka ni kuimaliza ile taximi.