Uzoefu wangu: adb na scrcpy kwa kujaribu gemu kwenye simu, hapa Mtwara

Anayetengeneza gemu za Android anahitaji vitu viwili tu kuunganisha simu na kompyuta, na vyote ni vya bure: adb ya Google, inayotuma amri kwa simu kutoka kwenye kompyuta, na scrcpy ya Genymobile, inayoonyesha kioo cha simu kwenye kompyuta, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2018. Nimevitumia na Unity na Godot, ambazo ni programu za kutengenezea gemu, kwenye Windows na Ubuntu, kwa simu za RAM ya GB 2 hadi GB 6. Nitagusa zaidi yale yanayotubana sisi wa Mtwara: joto, hewa ya chumvi, bando la kuhesabu, na simu za bei ya chini ambazo ndizo zilizo mikononi mwa wachezaji wetu.

Nilichokipenda kwanza ni wepesi wake. Android Studio inakula zaidi ya GB 1 ya bando, na kwa kazi hii huihitaji. Kifurushi cha scrcpy cha Windows kinakuja na adb ndani yake. Unapakua faili moja dogo, unalifungua kwenye folda, unaanza kazi. Hakuna kujisajili wala matangazo. Kwenye Ubuntu ni `sudo apt install adb scrcpy`, ila toleo la huko huwa la nyuma kidogo. Ukitaka sauti ya gemu isikike kwenye kompyuta unahitaji scrcpy 2.0 au zaidi, na simu yenye Android 11 kwenda juu. Picha peke yake inakubali kuanzia Android 5.

Kabla ya programu, waya. Matatizo mengi ninayoulizwa yanaishia hapo. Waya wa USB wa kawaida una nyaya nne ndani: mbili za umeme, mbili za data. Nyingi za zile za bei ya chini zinazopangwa mezani pale sokoni zina mbili za umeme tu. Simu inachaji vizuri kabisa, lakini kompyuta haioni kitu. Dalili ni rahisi: ukichomeka, simu haikuulizi kama unataka kuhamisha faili, na Windows haitoi mlio. Unaponunua, nenda na simu na kompyuta yako, au muombe muuzaji achomeke kwenye kompyuta yake, uone faili za simu zinafunguka. Usikubali kuonyeshwa alama ya chaji peke yake.

Hata waya mzuri haudumu huku kama unavyodumu bara. Ukikaa Shangani au Mikindani, hewa ya bahari inashika kwenye meno ya shaba, yanaanza kuwa na ukungu wa kijani au weusi, na mawasiliano yanakatika ukigusa simu tu. Katikati ya jaribio utaona simu inapotea na kurudi. Futa meno kwa pamba yenye spiriti kidogo, acha pakauke ndipo uchomeke. Kwenye tundu la simu, zima simu kwanza, toa vumbi na nyuzi za mfukoni kwa kijiti cha meno, usitumie sindano. Waya wa kazi nauweka kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Na uchomeke moja kwa moja kwenye kompyuta. Ukipitia kigawanyio cha matundu kisicho na umeme wake, simu inayovuta chaji kwa nguvu huangusha mawasiliano.

Upande wa simu: fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, gonga nambari ya muundo mara 7 hadi ujumbe utokee kwamba sasa wewe ni msanidi. Rudi nyuma, ingia kwenye chaguo za wasanidi, washa utatuaji wa USB. Chomeka waya simu ikiwa imefunguliwa, maana kioo kikiwa kimefungwa lile swali la ruhusa hulioni. Weka tiki ya kuruhusu kompyuta hii kila wakati. Kwenye kompyuta, ndani ya dirisha la amri (terminal), andika `adb devices`. Mbele ya namba ya simu yako panatakiwa pasomeke "device". Ikisomeka "unauthorized", hujakubali ruhusa kwenye simu. Ikisomeka "offline", chomoa waya, andika `adb kill-server`, kisha `adb start-server`, chomeka tena. Ubuntu ikisema "no permissions", weka kifurushi cha `android-sdk-platform-tools-common`, kisha chomoa na uchomeke upya. Orodha ikiwa tupu kabisa wakati waya una data, kwa Windows ni dereva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitambua simu. Angalia kwenye orodha ya vifaa kama kuna alama ya njano, kisha uweke dereva wa mtengenezaji wa simu au ule wa USB wa Google.

Usishangae simu iliyokubali wiki mbili zilizopita ikauliza ruhusa upya. Kuanzia Android 11 ruhusa hujifuta usipoiunganisha kwa siku 7. Muda huo unaweza kuuzima kwenye chaguo zilezile za wasanidi.

Kuna tatizo moja linalopoteza muda sana kwa sababu halionekani: adb mbili kwenye kompyuta moja. Unity inakuja na yake, scrcpy ina yake, na pengine umeweka emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) yenye yake. Zote zinagombea mlango (port) 5037. Matoleo yakitofautiana, moja inaiua nyingine, na scrcpy inafunga ghafla kila Unity inapotafuta simu. Ukiona maneno "server version doesn't match this client", ndio hilo. Chagua adb moja, kisha weka njia yake kwenye kigezo cha mazingira (environment variable) kinachoitwa `ADB`. scrcpy itaifuata hiyo.

Sasa gemu lenyewe. Unity Remote 5 inawavutia wengi kwa sababu unabonyeza Play na gemu linatokea kwenye simu papo hapo. Lakini gemu hapo linaendeshwa na kompyuta. Simu inapokea picha iliyobanwa, na inarudisha miguso na mwelekeo wa kuinamisha. Kwa kupima kama kitufe kinafikika kwa kidole gumba, inafaa sana. Kwa kupima kasi haifai hata kidogo, maana unapima kompyuta yako. Ninasisitiza hili kwa moyo wote: gemu ambalo halijawekwa ndani ya simu halijajaribiwa. Kwenye Unity tumia Build And Run ukiwa umeweka tiki ya Development Build. Godot ni nyepesi zaidi hapa. Ukishaweka violezo vya Android, na njia za JDK (zana za Java) na Android SDK (zana za Android), simu ikichomekwa kinatokea kitufe cha Android juu kulia, unagonga mara moja gemu linafunguka kwenye simu.

Ukiwa na APK (faili la kuweka gemu kwenye Android) tayari, `adb install -r gemu.apk` inaweka juu ya lile la zamani bila kufuta maendeleo ya mchezaji. Ikigoma, soma neno la mwisho. UPDATE_INCOMPATIBLE maana yake saini ya kidijitali ya APK imebadilika, kwa hiyo ondoa la zamani kwanza. INSUFFICIENT_STORAGE inajieleza. NO_MATCHING_ABIS ndiyo inayotuhusu zaidi: umejenga kwa biti 64 peke yake, na simu ni ya biti 32. Simu ndogo za Android Go (Android nyepesi ya simu za RAM ndogo) bado ziko nyingi za namna hiyo. Pima kwa `adb shell getprop ro.product.cpu.abi`. Ukiona `armeabi-v7a`, jenga kwa ARMv7 (biti 32) na ARM64 (biti 64) pamoja. Unity itakutaka utumie IL2CPP, njia yake ya kugeuza msimbo kuwa C++, kwa ARM64, na ujenzi unachukua muda mrefu, lakini Google Play inadai biti 64 tangu Agosti 2019, kwa hiyo hakuna njia ya mkato. Kuna simu ambazo zina swichi ya pili ya kuruhusu kuweka programu kupitia USB. Bila hiyo, `adb install` inakataa hata kama kila kitu kingine kiko sawa.

Gemu likifunga ghafla, andika `adb logcat -c` kusafisha logi, yaani orodha ya matukio ya simu, rudia kosa, kisha `adb logcat -s Unity` au `adb logcat -s godot`. Likipotea bila kuacha kosa lolote, mara nyingi ni kumbukumbu: mfumo umeliua ili kuokoa RAM. Tafuta neno "lowmemorykiller" au "lmkd" kwenye logi nzima, kisha pima kwa `adb shell dumpsys meminfo` ikifuatwa na jina la kifurushi cha gemu, uangalie mstari wa TOTAL. Kwenye simu ya GB 2, mfumo na programu za mawasiliano zimeshachukua sehemu kubwa kabla gemu halijafunguliwa. Mara nyingi dawa ni kubana picha za gemu, hasa mandhari ya nyuma yaliyowekwa kwa ukubwa wa kioo cha kompyuta.

Kwa kasi, fremu (picha) 60 kwa sekunde ni milisekunde 16.7 kwa kila fremu, 30 ni milisekunde 33.3. Usitegemee `dumpsys gfxinfo`. Inapima vitufe na menyu za Android, sio picha ambazo gemu linachora lenyewe. Tumia Profiler ya Unity (kipima kasi chake) kupitia waya, na ufunge scrcpy wakati wa kupima. scrcpy inaifanya simu irekodi video ya kioo chake muda wote, na kazi hiyo inaongeza joto na kula nguvu ambayo gemu lingeitumia.

Joto la huku lipimwe, lisikisiwe. `adb shell dumpsys battery` inaonyesha joto la betri kwa sehemu za kumi za nyuzi: 365 ni nyuzi 36.5. Andika namba kabla ya kuanza, cheza dakika 20, andika tena, pamoja na fremu za mwanzo na za mwisho. Simu iliyo kwenye waya inachaji, na kuchaji kunaongeza joto. Mchana wa Januari, chumba cha bati kisicho na feni, prosesa inajipunguza kasi na gemu lililokuwa laini asubuhi linaanza kukwama. Mchezaji wako Masasi atalicheza katika hali hiyohiyo, kwa hiyo jaribio la mchana ndilo la kuaminika.

Kwa gemu za kuinamisha simu, waya unasumbua, na hapo Wi-Fi inasaidia. Bando haliguswi ukifanya hivi: washa hotspoti kwenye simu, zima data, unganisha kompyuta. Ukisahau kuzima data, Windows itajisasisha kwa bando lako. Waya ukiwa bado umechomekwa, andika `adb tcpip 5555`. Kisha kwenye kompyuta ya Windows andika `ipconfig`, chukua namba ya Default Gateway, hiyo ndiyo anwani ya simu. Andika `adb connect` na anwani hiyo ikifuatwa na `:5555`, chomoa waya. Simu ikizimwa na kuwashwa, unarudia. Kwa scrcpy juu ya Wi-Fi ninatumia `scrcpy -m 1024 -b 2M --max-fps 30`, inayopunguza ukubwa wa picha, data na fremu, maana mipangilio yake ya kawaida inakwama kwenye hotspoti ya simu ndogo. Kurekodi kosa ili umtumie mwenzako, ongeza `--record kosa.mp4`. Kwa waya, ucheleweshaji wa picha ni mdogo sana, waandishi wake wanataja milisekunde 35 hadi 70. Kwa gemu la kufikiri unaweza kucheza ukitazama kompyuta. Kwa gemu la kuruka na kukwepa, tazama simu.

Ukimaliza, andika `adb usb` kufunga ule mlango wa Wi-Fi, hasa kama ulikuwa kwenye mtandao wa chuo au wa mgahawa, kisha zima utatuaji wa USB. Baadhi ya programu za benki hazifunguki ukiwa umewashwa, na hutaki kuligundua hilo ukiwa kaunta unataka kulipa.