TAHADHARI wenye maumivu ya mgongo na shingo hapa Moshi, msilipie kile kifurushi cha kunyooshwa pingili na sindano

Jamani wana Moshi naomba mnisome mpaka mwisho hata kama ni ndefu, nimekaa na hili jambo wiki tatu linaniuma na juzi nimeona tangazo lao limerudi tena kwenye magrupu, na jirani yangu anajiandaa kumpeleka mama yake mzazi kule.

Mimi ni fundi cherehani, nashona pale Mbuyuni, na mafundi wenzangu mnajua mwezi wa kumi na mbili ulivyo, watu wanarudi nyumbani Krismasi, huku harusi huku kipaimara, unainamia mashine toka asubuhi mpaka saa nne usiku. Tangu hapo shingo ikakaza upande wa kulia, maumivu yanashuka begani, usiku mkono unakufa ganzi mpaka naamka kuukung'uta. Kiuno ndo usiseme.

Tangazo linasema kuna daktari bingwa anatoka Arusha siku mbili kwa wiki, anaunganisha kiropraktiki na akupancha, yaani ananyoosha pingili kwa mikono halafu anakuchoma zile sindano za Kichina, unapona kabisa bila upasuaji. Nikaenda.

Cha kwanza wanakushikisha kijiti cha chuma kimeunganishwa na kompyuta, dakika moja tu zinatoka karatasi kibao, mimi nikaambiwa figo zimechoka, diski tatu (vile vitu laini vinavyokaa kati ya pingili) zimehama na mafuta ya pingili yamekauka. Hakunigusa shingo, hakuniuliza kama nimewahi kuanguka, kama nina presha, wala kama natumia dawa yoyote. Kuja kuuliza hospitali naambiwa hakuna kijiti cha kushika mkononi kinachoona diski, diski inaonekana kwenye MRI, ile mashine kubwa ya kupiga picha ndani ya mwili. Ila pale nilikuwa nimeshaogopa, na ndo wanachotaka. Siku moja ni elfu 60, kifurushi cha siku 12 unapewa kwa laki 6 ukilipa leo leo, nikatoa hela ya mchezo yote. Lipa namba ikaja na jina la mtu binafsi, risiti nikaandikiwa kwenye karatasi ya daftari.

Shingo alinivunja siku hiyo hiyo, bila hata kuniambia anataka kufanya nini, kashika kidevu kageuza ghafla ikalia kwaa, ananiambia umesikia mama, mfupa umerudi mahali pake. Ndugu zangu ule mlio sio mfupa kurudi, ni gesi kwenye majimaji ya kiungo, hata vidole ukivivuta vinalia hivyo hivyo. Na shingoni humo humo ndani ya pingili kunapita mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo, ni mara chache lakini ikichanika mtu anapata kiharusi, ndo maana anayejua kazi anakuuliza maswali kwanza na unamkubalia au unamkatalia. Mimi nilitoka pale na kizunguzungu nikakaa kwenye ngazi kama robo saa. Ukitoka sehemu kama hiyo ukaona vitu viwili viwili, au ulimi mzito, au unatapika, usiende kulala, kimbia hospitali.

Sasa sindano. Siku ya nne nimelala kifudifudi, kichwa nimekigeuzia upande wa kile kimeza chake cha matairi. Upande wa pili wa pazia kuna dada anamaliza, nikamsikia dokta anazichomoa moja moja anazitia kwenye kibakuli cha stili, ting, ting, halafu akaja na kibakuli kile kile kwangu. Mbili akawa ameshanichoma begani ndo nikaona kwenye pamba kuna kidoa cha damu na sindano moja imepinda karibu na mpini. Nikamuuliza dokta hizi si ulikuwa unamchoma yule dada? Akanijibu bila aibu, mama hii ni spiriti, inaua kila kitu. Nikamwambia zitoe. Nikakumbuka siku zile tatu za nyuma zote sikuwahi kuona anafungua pakiti. Sindano za akupancha ni nyembamba kama unywele, zinakuja kwenye pakiti iliyofungwa, inafunguliwa mbele yako, mtu mmoja mara moja inatupwa, na kuloweka kwenye spiriti hakuifanyi ya mtu mwingine iwe salama kwako. Homa ya ini B inapita hapo hapo.

Kesho yake asubuhi nikaenda hospitali, wakanipima damu, wakanianzishia dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, siku 28, zinatakiwa zianze ndani ya masaa 72, na chanjo ya homa ya ini, nirudi kupima tena baadae. Kumweleza mume wangu kwa nini nakunywa dawa zile nilishindwa siku mbili nzima. Hela nilivyoidai nikaambiwa kifurushi hakirudishwi, kisha wakaniblock.

Sisemi tiba zenyewe ni utapeli, nisieleweke vibaya. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa Desemba 2023 wa maumivu sugu ya kiuno wameweka kunyooshwa uti wa mgongo na hizo sindano kati ya vitu vinavyoweza kusaidia, pamoja na mazoezi na elimu, hakuna mahali wamesema unapona moja kwa moja kwa siku 12. Na tiba mbadala hapa kwetu ina sheria yake ya 2002 na ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, mtoa tiba anasajiliwa na kituo kinasajiliwa, omba uone vyote viwili. Huyu ukutani kwake kulikuwa na cheti kimekaa kwenye fremu nzuri kabisa, nilivyokisogelea ni cha kuhudhuria semina ya siku 3.

Jirani yangu mama yake ana miaka 70 na kitu, anapungua mwili na mgongo unamuuma zaidi usiku. Huyo ni wa hospitali kwanza, TB inaingia hadi kwenye mifupa ya mgongo, na mifupa ya uzee ukiibana inavunjika kweli. Na yeyote mgongo ukiuma halafu sehemu za siri zikafa ganzi au mkojo ukagoma, usisubiri kuche.

Mimi sasa hivi niko kwa mtu wa fiziotherapia, nimeinua meza ya cherehani kwa matofali, napewa mazoezi ya shingo nafanya nyumbani, ganzi ya usiku imepungua. Malalamiko nimepeleka kwa mganga mkuu wa wilaya kwa maandishi, waliofanyiwa kama mimi njooni inboksi tuongeze majina.

Na wewe dada wa kitenge cha njano uliyekuwa kitanda cha pili Alhamisi ile saa tano, sikujui jina. Aliyekutangulia wewe simjui pia. Nenda kapime.