Huduma ya makaratasi ya leseni za urubani, Kampala: nyota 2 kati ya 5

Naandika kwa ajili ya marubani wenzangu wa viwanja vya Kajjansi na Soroti wenye leseni ya Uganda ambao kuna mtu atawapa ndege yenye herufi N ubavuni, yani iliyosajiliwa Marekani, tafadhali msilipe kabla ya kusoma hii.

Mimi nna PPL ya hapa, yani leseni ya rubani binafsi. Rafiki wa baba mdogo ana ndege ndogo, Cessna 182 iliyosajiliwa Marekani, anaiegesha Kajjansi, akanambia mwanangu makaratasi yako yakiwa sawa tunaenda Kisumu. Basi nikaenda kwenye ofisi moja mjini wanaotangaza kwamba wanashughulikia leseni za nchi zote, nikalipa laki 8, wakanambia leseni ya Uganda inatosha Afrika Mashariki nzima maana sheria zetu zinafanana, wakanipa na barua yenye muhuri wao.

Instrakta wangu aliisoma akauliza kitu kimoja tu, ndege ina herufi gani? Nikasema N. Akanirudisha kwenye Mkataba wa Chicago wa 1944, kifungu cha 32: ukivuka mpaka, leseni yako lazima iwe imetolewa au kukubaliwa na nchi ndege iliposajiliwa. Sio ulikosomea wala unakoruka. 5X ni Uganda, 5Y Kenya, N ni Marekani, kwa hiyo wa kuuliza ni FAA, mamlaka ya anga ya Marekani. Na sheria ya Marekani inakuruhusu kurusha N kwa leseni ya Uganda ukiwa ndani ya Uganda tu, yani Kajjansi mpaka Soroti sawa, Kisumu hapana! Ningeenda na ile barua likatokea la kutokea, bima wangekuwa na sababu ya kukataa kulipa, na ndege sio yangu. Hilo ndo limeniuma kuliko pesa.

Njia yenyewe kumbe ipo: unaomba FAA wahakikishe leseni yako, wanaiuliza mamlaka ya anga ya Uganda kule Entebbe, ikikubalika unapewa barua ya miezi 6, halafu unaenda mwenyewe kuomba cheti cha private (rubani binafsi) cha kanuni yao ya 61.75, na kabla ya kuwa kapteni unafanya flait rivyuu, yani kupitia upya urushaji wako, na instrakta mwenye cheti chao. Medikali ya hapa, yani cheti cha afya, wanaikubali. Ila cheti hicho kimefungwa kwenye leseni ya Uganda, hii ikifa na kile kimekufa, na hakikuruhusu kurusha kwa malipo.

Nyota 2 nawapa maana dada wa mapokezi alinisikiliza vizuri na miadi ya medikali walinipangia siku ileile. Pesa wamerudisha nusu baada ya wiki 3 za kupiga simu. Kwa medikali nendeni, wako haraka, ila kwa ndege ya nje mimi sirudi. Fomu ya FAA nimejaza mwenyewe usiku mmoja, sasa nangoja majibu kutoka ofisi yao ya Oklahoma City na Cessna bado iko Kajjansi.