Kajoint ka Ngong Road ka kuangalia futboli ya Kanada

Kama unapenda ule mpira wa Kanada wa kubeba mkononi, kuna kajoint huku Ngong Road watakuwekea ukiwaambia mapema. Fainali ya Grey Cup, kombe la ligi yao ya Kanada, ya 2024 tuliionea hapo, saa nane usiku, watu watano tu na weita amesinzia kaunta. Na ilikuwa ile ya Nick Arbuckle, yule kwotabeki (mrusha mpira anayeongoza mashambulizi) wa benchi wa Toronto Argonauts, jamaa ashazungushwa Calgary, Edmonton, Ottawa, hapa na pale, sasa Chad Kelly, kwotabeki wao wa kwanza, akavunjika mguu mechi ya kabla ya fainali ndio akaitwa, akawapiga Winnipeg 41 kwa 24 na akachukua mchezaji bora wa fainali, aki nilipiga kelele hadi weita akaamka.

Sasa huduma. Skrini poa, sauti safi, lakini mbuzi choma niliagiza mapema ikakuja saa kumi, ngumu kama kandambili, na stima ilipopotea ikabidi tumtafute mtu wa jenereta wenyewe. Chai lakini wanajua, tangawizi ya kutosha.

Nyota tatu. Beba jaketi, kuna baridi mbaya.