Daisy au Daisy Eau So Fresh? Usikubali kupuliziwa zote mkono mmoja

Muuzaji aliyepuliza manukato mawili ya Marc Jacobs, Daisy na Daisy Eau So Fresh, kwenye mkono wangu mmoja, kisha akasugua kwa kidole gumba, bado ananichoma roho. Nimemwambia nataka kuzitofautisha. Jibu: "Dada, zote Marc Jacobs, zote maua, chukua moja, watu wanasubiri." Na juu ya kaunta chetezo kinafuka udi! Hapo pua itanusa nini?

Zote moja wapi! Kweli, mtunzi ni yuleyule, Alberto Morillas, na zote ni eau de toilette, yaani manukato mepesi. Lakini Daisy ya 2007 inaanza na stroberi na ukijani wa majani ya ua la urujuani, kisha inatulia kwenye vanila na maski (musk), kama ngozi iliyotoka kuoga. Eau So Fresh ya 2011 inakuja na balungi, pea na rasiberi, majimaji, tamu. Kwa hiyo ukinusa dakika mbili dukani, hii ya pili ndiyo itakayokuvuta. Matunda huruka mapema, balungi hasa, na joto la Dar linayakimbiza. Unalipia dakika 10 za mwanzo, jioni unabaki na kitu kingine.

Kupima ni hivi. Anza na karatasi, pulizo moja, ngoja nusu dakika spiriti iruke. Halafu Daisy kigasha cha kushoto, nyingine cha kulia, pasipo losheni yenye harufu. Usisugue, maana msuguano unapasha ngozi joto na kufukuza yale mepesi. Toka nje kabisa. Nusa baada ya dakika 10, saa 1, saa 4. Pua ikichoka, nusa nguo yako upande usiopuliziwa.

Kwangu Eau So Fresh ilinyamaza ndani ya saa moja, nikahukumu: hela ya bure, Daisy ndiyo. Hukumu hiyo naifuta. Eau So Fresh nayo ina urujuani na maski. Harufu ya urujuani inatokana na ayononi, kemikali za harufu ambazo huizima pua kwa muda: unanusa, inapotea, inarudi. Na maski nyingine wapo watu wasiozinusa kabisa. Niliokaa nao walikuwa wanaisikia Eau So Fresh vizuri tu wakati mimi nasikia ngozi tupu. Basi usiamini pua yako peke yake, muulize aliye karibu nawe.

Kwa ofisi yenye kiyoyozi ningechukua Daisy. Kwa jua la mchana, Eau So Fresh, ipulizwe na kwenye mtandio, maana kitambaa hushika kuliko ngozi yenye jasho. Nikisema kweli, leo naegemea hiyo ya pili, na ningeijua siku ileile kama yule muuzaji angenipa mikono yangu yote miwili. Duka lile sirudi. Chupa nitanunua kwingine, kwa anayekubali nitoke na karatasi mbili, nirudi baada ya saa nne.