Kanisa la Waitaliano Nyeri, ukipita huko ingia

Wasee, kama unapanda Nyeri usipite tu hivi hivi, pale Mathari karibu na hospitali ya Consolata kuna kanisa la kumbukumbu la wanajeshi wa Italia waliokufa Kenya wakiwa mateka wa Waingereza vita ya pili ya dunia. Ndani ukutani kuna mifupa ya watu 676, kila mtu na kijisehemu chake, na walio na jina wameandikwa, aki nilisoma yale majina hadi koo likakauka, hawa walikuwa watoto wa watu.

Duke wa Aosta (mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia), yule jenerali aliyesalimu amri kwa Waingereza mlimani Amba Alagi, Ethiopia, 1941, pia yuko humo, alifariki Nairobi 1942 bado mfungwa na sasa amelala na askari wake, hapo nilimheshimu sana.

Kanisa lilijengwa miaka ya 50. Pako kimya, pazuri sana. Kitu ningeomba ni maelezo zaidi ya Kiswahili, watoto wa shule wanahitaji kuijua hii historia. Nyota tano. Ukienda uliza mlinzi kwanza akufungulie, na uvae heshima.