Nikishakunywa dozi asubuhi, mchana nifanye nini? Uzoefu wangu katika nyumba ya wanawake wanaoacha unga

Nilivuta unga, yaani heroini, miaka tisa. Nalitanguliza hili ili msomaji ajue kuwa ninayoyaeleza sikusimuliwa. Nilianzia kwenye kokteli, msokoto wa bangi ulionyunyiziwa unga, niliyopewa na mwanaume niliyekuwa naishi naye Temeke. Kwa miaka yote hiyo kete zangu nyingi, vile vipakiti vya unga, zilipitia mkononi mwake. Naomba mlishike hilo la mwanaume, maana bila yeye hamtaelewa kwa nini naisifu nyumba ya wanawake peke yao.

Nyumba yenyewe ni ya upataji nafuu, zile ambazo wengi tunaziita soba. Ipo pembezoni mwa Dar es Salaam na nilikaa miezi mitano. Siitaji jina kwa sababu nina sifa zake na nina lawama zake, na wapo wenzangu ambao bado wamo ndani.

Nianze na methadoni, dawa ya hospitali anayopewa mtu badala ya unga, kwa sababu bila hiyo nisingefika hata mlangoni. Kliniki ya kwanza ya methadoni nchini ilifunguliwa Muhimbili Februari 2011, kisha zikafuata Mwananyamala, Temeke na mikoa mingine. Dawa ni bure. Ni ya maji, unakunywa mbele ya mhudumu, anahakikisha umemeza, unaondoka. Anayeujua unga anajua kwamba saa chache tu baada ya kete arosto, mateso ya kuukosa unga, inabisha hodi: miayo, kamasi, machozi, tumbo kukata, mifupa kuuma kama imetwangwa kinuni. Methadoni inakaa mwilini siku nzima na zaidi, ndiyo maana dozi moja inatosha mpaka kesho yake. Mimi nilianzishwa miligramu 20, ikapandishwa kidogo kidogo hadi 70. Nakumbuka usiku wa kwanza nilipolala mpaka adhana ya alfajiri bila kuamshwa na jasho. Nilikaa kitandani nikalia.

Lakini kuhusu mchana hakuna aliyenieleza.

Watu wanafikiri teja ni mvivu. Teja hana muda hata wa kukaa. Anaamka na arosto, anasaka hela, anamsaka pusha, anavuta, anatulia kidogo, anaanza upya, na mzunguko huo anaupita mara tatu au nne kwa siku. Methadoni ilipoiondoa arosto iliondoa na shughuli yote hiyo. Saa mbili asubuhi nimeshakunywa, niko barabarani, sina ninachodaiwa na mtu mpaka kesho. Mtaa ni uleule, na yule mwanaume amekaa palepale barazani. Katika foleni ya kliniki wanawake tulikuwa wachache mno, wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na baadhi ya wanaume waliokuwa mbele yangu ndio waliowahi kuniuzia au kunipiga. Miezi minane nilikunywa methadoni huku nikivuta kete ya jioni. Kete ya jioni haikuwa ya arosto. Ilikuwa ya kuujaza ule mchana.

Mhudumu mmoja wa kliniki, dada asiyeinua sauti hata siku moja, aliniita pembeni akaniambia ipo nyumba ya wanawake inayopokea wenye dozi. Hayo maneno mawili, "wenye dozi", ndiyo yaliyonifanya nikubali. Miaka mitatu nyuma kaka zangu walikuwa wamenipeleka kwenye nyumba nyingine, iliyofundisha kwamba methadoni ni kubadilisha unga kwa unga, na kwamba anayeacha kweli anaacha vyote. Nilifungiwa chumbani, nikanyolewa kichwa, nikamwagiwa maji ya baridi, nikaitwa majina nisiyoweza kuyaandika. Nilitoka baada ya miezi mitatu nikiwa msafi, wiki ya pili nikavuta kiasi kilekile nilichokuwa nimezoea zamani. Mwili ulikuwa umeshakisahau. Niliokotwa nimezimika, midomo imebadilika rangi, na mateja wenzangu ndio walionibeba hadi hospitali. Hili natamani kila mzazi alijue: mtu anayetoka soba baada ya miezi ya kukaa bila unga yuko karibu zaidi na kifo akirudia kuliko alivyokuwa kabla hajaingia, kwa sababu kile kiasi alichokuwa anakihimili hawezi tena kukihimili.

Kwenye nyumba hii ya wanawake tulikuwa kumi na mmoja. Aliyeiongoza tulimwita Mama, wa makamo, ambaye naye aliwahi kutumia. Tuliamka saa kumi na moja, Waislamu tukaswali, Wakristo wakasali chumba cha pili, uji wa ulezi ukafuata, kisha sisi wa dozi tukapelekwa kliniki kwa bajaji na kurudishwa. Kurudishwa ndiko kulikokuwa na maana. Sikuwa na ile nusu saa ya kupita kijiweni.

Kuanzia saa tatu hadi adhuhuri tulisuka ukili. Bibi mmoja jirani alikuja kutufundisha, anakaa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, akikusahihisha bila kusema, anaifumua tu ile sehemu uliyokosea na kukurudishia. Wiki za kwanza vidole vyangu vilikuwa vizito na nilichukia. Ilinichukua muda kugundua kwamba ukili unataka macho na mikono yote miwili kwa pamoja, na kichwa hakipati pa kwenda kutembea. Hamu ya unga hupanda kama wimbi, dakika kadhaa, halafu inashuka. Nikiwa na ukili mkononi niliyaacha yapite mengi. Mkeka wangu wa kwanza ulipinda upande mmoja. Mama yangu mzazi anaulalia mpaka leo.

Sasa niseme la mwili, maana kwenye nyumba za mchanganyiko halisemwi kabisa. Unga huvuruga hedhi. Mimi sikuiona kwa zaidi ya miaka miwili na nilijiaminisha kuwa kizazi kimekufa. Ukikaa vizuri kwenye methadoni mwili unaamka, na wanawake wengi wanashika mimba bila kutegemea kwa sababu walidhani haiwezekani. Kila Alhamisi alikuja muuguzi kutoka kituo cha afya, mlango ukafungwa, tukauliza yote: uzazi wa mpango, magonjwa ya zinaa, kipimo cha VVU, homa ya ini, mpaka jasho na choo kigumu vinavyoletwa na methadoni yenyewe. Kwa hicho cha mwisho tulipewa papai, mboga za majani na maji mengi, na ilisaidia.

Mwenzetu mmoja alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mashangazi zake walikuja wakamtaka aache methadoni mara moja ili asimdhuru mtoto. Muuguzi aliwakalisha, akawaeleza kwa heshima zote kwamba kuikata dawa ghafla ndiko kunakoweza kuiharibu mimba au kuleta uchungu kabla ya wakati, na kwamba mtoto akizaliwa na dalili za arosto atahudumiwa hospitali na atapona. Alijifungua salama na ananyonyesha.

Mwingine alikuwa ameanza dawa za kifua kikuu. Kila siku mchana alianza kutetemeka na kupiga miayo, na sisi wenzake, nasema kwa uchungu, tulimdhania anavuta kwa siri. Mama hakumdhania. Alifuatana naye kliniki na kadi zote mbili mkononi, ikaonekana kuwa rifampisini ya kifua kikuu inaiondoa methadoni mwilini haraka. Dozi ikaongezwa, akatulia. Watu wakiniuliza kumtibu mtu kwa ujumla wake maana yake nini, ninawapa kisa hiki. Maana yake awepo mtu mmoja anayezishika kadi zako zote.

Vikao vya alasiri vilikuwa vyetu peke yetu. Hapo ndipo niliposikia wanawake wakisema bila kuinamisha macho kwamba waliuza miili kulipia kete mbili, yake na ya mwanaume wake. Kumbe haikuwa mimi tu. Mshauri wetu, mwanamke aliyesomea saikolojia, hakutuuliza kwa nini tulianza unga. Alituuliza nani alitupa. Tisa kati yetu tulitaja mume au mpenzi. Tangu siku hiyo nilielewa kwamba kuacha unga na kumwacha yule bwana ilikuwa safari moja, na nilikuwa nimejaribu kuigawa mara nyingi.

Kuhusu dini na tiba za asili niseme ninavyoamini. Kabla ya yote hayo mama yangu mzazi alinipeleka kwa shekhe, aya zikaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi, nikanywa kombe siku saba. Arosto haikuondoka. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi mama kunishika mkono mbele za watu, na hilo sitalisahau. Kisomo kiliendelea pale kwenye nyumba kila Ijumaa na kilinituliza moyo, kikiwa kando ya dozi. Alikuja pia mama mmoja wa sindano ndogo za masikioni, tano kila sikio, utaratibu ulioanzia hospitali ya Lincoln huko Bronx, New York, miaka ya 1970. Nilipata usingizi mzuri siku hizo. Nisingemshauri mtu azitegemee peke yake. Dawa za mizizi Mama alizikataza kabisa, na nilimuunga mkono, kwa sababu hakuna aliyejua zingefanya nini zikikutana na methadoni tumboni.

Lawama zangu ni tatu na nilimpa Mama uso kwa uso kabla sijaondoka.

Kubwa ni watoto. Nyumba haipokei mama na mtoto. Mwanangu wa miaka minane alikuwa kwa bibi yake, nikamwona kila Jumapili, nikaweza. Lakini alikuja binti mwenye mtoto wa miaka miwili, hana ndugu wa kumwachia, akakaa siku kumi na mbili akimsikia mwanawe, aliyekuwa amekaa na jirani, analia ng'ambo ya ukuta, akaondoka. Nilimwona baadaye mtaani. Nyumba ya wanawake isiyo na chumba cha mtoto inawafungia mlango wale wanaoihitaji kuliko wote.

La pili ni wageni. Wafadhili wakija tuliombwa kutoa ushuhuda. Hakuna aliyelazimishwa kwa fimbo, ila unapokula chakula cha mtu ni vigumu kusema hapana. Nilisimulia mambo yangu mbele ya watu nisiowajua na usiku ule nilitamani kuvuta kuliko siku zote.

La tatu ni kutoka. Siku ya mwisho nilipewa cheti na nauli. Hakuna aliyenipigia simu wiki ya kwanza, wala ya pili, na hizo ndizo wiki nilizokuwa natembea kwa kuhesabu hatua. Nilirudi kwenye vikao vya alasiri kwa kujikokota mwenyewe.

Malipo yalikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi, chakula ndani yake. Kaka zangu walilipa miezi mitatu, iliyobaki nililipia kwa mikeka na kwa kupika.

Sasa ni mwaka na miezi minne. Dozi imeshushwa hadi 55, tano tano, na daktari amesema hakuna haraka. Nimehamia Mbagala kwa mama. Mwanangu ananisindikiza mpaka kituoni asubuhi, ananiuliza kama nitarudi, na saa tatu nakuwa nimesharudi.

Kama una dada, binti au mke unayetaka kumpeleka mahali, usiangalie rangi ya ukuta. Uliza wanapokea wenye dozi? Nani anakaa nao usiku, na anajua la kufanya mtu akizimika? Milango inafungwa kwa nje? Mchana wanafanya nini, saa kwa saa? Uliza na mtoto atalala wapi. Akikubali kwenda, mfungashie khanga mbili, ndala, dawa zake zote pamoja na kadi zake zote za hospitali, hata zile anazoona aibu kuzionyesha.